Usimwitikie Usiyemwona

Shamba la ujamaa lilipofunguliwa ng'ambo ya Baleni, na wanawake wa kitongoji cha Mkokoni wakapangiwa zamu ya palizi, kikwazo hakikuwa majembe. Majembe yalikuwapo. Kikwazo kilikuwa watoto: watabaki na nani? Mkutanoni kila mama aliangalia vidole vya miguu yake, mpaka Bi Mwanamkuu binti Sabiti, ambaye tangu azaliwe hajapata kukaa kimya penye watu, akasimama akajifunga kanga yake vizuri.

"Nileteeni mimi," alisema. "Nimelea sita, na wote wanatembea."

Kwa maneno hayo akapata cheo cha mlezi wa kijiji, banda la makuti, sufuria ya uji, na kundi la watoto waliokwisha kuacha ziwa lakini umri wa shule bado. Banda lenyewe lilijengwa pabaya. Mbele yake palikuwa na kisima kisicho na ukuta. Nyuma yake njia iliteremka mpaka kwenye hori, mkono wa bahari unaoingia katikati ya mikoko, ambako wanawake hufukia makumbi ya nazi matopeni yaoze, wapate nyuzi za kusokotea kamba. Maji yakijaa, hori lile humfunika mtu mzima. Mwenyekiti Mkadam aliahidi kulizungushia banda uzio wa fito. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia, na uzio wa Mwenyekiti ulikuwa bado uko mdomoni mwake.

Mlezi alikuwa mmoja, goti lake la kushoto bovu, na watoto wana miguu. Basi Bi Mwanamkuu akajenga uzio wake mwenyewe, kwa ulimi.

Aliwaambia kwamba maji ya hori yanaua. Kisha akawaambia habari za mumiani. "Huja na gari jeupe, nguo zake nyeupe, mkononi ana sindano. Akimkuta mtoto nje ya banda peke yake, humchukua akamning'iniza kichwa chini, damu akaikinga kwenye ndoo." Hadithi hiyo hakuitunga yeye. Aliipata kwa mama yake, naye aliipata kwa wake, na watu wengi wa pwani wameinywa pamoja na uji. Lakini Bi Mwanamkuu alikuwa na mkono wa kutia viungo. Siku moja mtoto alitoroka bandani kwa sababu kaka yake alimwita kutoka vichakani wakaogelee, akaja kukutwa ukingoni mwa hori. Kesho yake hadithi ikaongezwa.

"Tena ana sauti za watu wote," aliwaambia. "Anaweza kukuita kwa sauti ya mama yako, ya baba yako, hata ya kwangu mimi. Usimwitikie usiyemwona. Akulilie, akubembeleze, wewe kimya, mpaka umwone kwa macho yako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bibi."

Uzio ukasimama. Hakuna mtoto aliyetumbukia kisimani, hakuna aliyeteremka hori. Akina mama walirudi kutoka shambani jioni wakawakuta wanao wamekaa mkekani, kimya, wamegusana mabega. Walimsifu mlezi wao, naye sifa hakuzikataa. Alikuwa akizipokea kwa mikono miwili na kuomba nyongeza.

Mtu mmoja tu hakusifu, naye ni binti yake, Sheikha. Mtoto wa Sheikha, Somoe, alikuwa na umri wa miaka sita hivi, na zamani ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote. Pwani msichana akiitwa huitikia "labeka", mvulana "naam", na labeka ya Somoe ilikuwa ikisikika mpaka msikitini. Siku hizi ukimwita kutoka chumba cha pili hujibiwi. Lazima uende usimame mbele yake. Usiku akaanza kukojoa kitandani.

"Mama, mtoto ananywea," Sheikha alimwambia. "Hata chooni hataki kwenda mpaka nimshike mkono. Hebu mpunguzie hayo."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," Bi Mwanamkuu alijibu. "Nawe nilikulea hivyo hivyo. Umekufa?"

Sheikha hakuwa amekufa, ni kweli. Lakini watoto wake watatu wote aliwazaa nyumbani, na wa pili alikaribia kumpeleka kaburini, kwa sababu hospitali ya Kilindoni ina watu wenye nguo nyeupe. Jambo hilo mama yake alilijua, ila alikuwa hajaliweka karibu na jambo hili.

Mwaka huo wa sabini na tano surua ilipita kisiwa cha Bwejuu ikaacha makaburi madogo. Mwenyekiti akapiga mbiu: Alhamisi atakuja Bwana Afya kutoka Kilindoni na muuguzi wake, kuwachanja watoto. Akapita bandani mwenyewe.

"Watayarishe wajukuu zako, Bi Mwanamkuu. Wasije wakatutia aibu."

"Nitawatayarisha."

Hakuwatayarisha. Si kwamba alisahau. Alilifikiri jambo hilo usiku kucha na kuona kwamba akisema sindano hii si ile, na gari hili si lile, watoto watauliza maswali, na uzio ukishang'oka ufito mmoja mbuzi wote huijua njia. Alhamisi ni siku ya palizi, mama zao hawapo, atabaki peke yake na kisima na hori. Akaamua kuwa yeye mwenyewe atakuwapo. Atasimama katikati, atawashika mmoja mmoja, itakwisha. Mtu aliyezoea kutiiwa huona kila kitu kitamngoja.

Gari halikumngoja. Lilifika wakati anakoroga uji, Landrova nyeupe, imejaa vumbi, ikasimama baina ya kisima na banda. Akashuka Bwana Afya Marijani, kijana mrefu mwenye shati jeupe, akibeba sanduku la barafu lenye dawa. Akamfuata muuguzi Saleha, gauni lake jeupe limepigwa pasi.

"Shikamoo, bibi," Marijani alisema.

Bi Mwanamkuu hakuwahi kusema marahaba. Nyuma yake sauti ndogo ilitamka neno moja, taratibu kabisa, na lile banda likalipuka. Watoto walipita chini ya mikono yake, walipasua makuti ya ukuta, waliruka moto na sufuria. Uji ukamwagika. Yeye alipiga kelele, "Rudini! Rudini hapa!" lakini waliomsikia walikuwa wamempa mgongo, na wasiomwona walijua la kufanya na sauti yake.

Na kuna jambo ambalo baadaye hakupenda kulikumbuka. Yule muuguzi alipopiga hatua mbele kumsaidia, yeye, mwanamke wa makamo yake, alirudi nyuma.

Asubuhi nzima ilikwenda katika kuwakusanya. Wengine walitolewa chini ya vitanda, wengine juu ya mipera, mmoja ndani ya pipa la kuvunia maji. Kila aliyepatikana alikuwa anatetemeka na hasemi. Jua lilipokaribia utosini walipatikana wote isipokuwa mmoja. Bi Mwanamkuu aliwatazama nyuso zao, akawatazama tena. Somoe hakuwapo.

"Nani kamwona Somoe?"

Mwishowe Mwanaharusi, msichana mkubwa kuliko wenzake, alinyoosha kidole nyuma ya banda, kwenye njia ya hori.

Wakati huo habari ilikwisha kufika shambani mbele ya mguu wa mtu. Iliondoka Mkokoni ikiwa "watoto wamekimbia gari", na ilipofika kwenye mihogo ilikuwa "gari jeupe limechukua mtoto". Wanawake walirudi mbio na majembe mabegani. Wanaume walishuka minazini. Kombo, baba yake Somoe, alikuwa mkwezi, akaja na panga lake la kazi mkononi, kifua wazi, na watu wakampisha. Landrova ikazungukwa. Saleha alikuwa ndani, amefunga vioo, analia. Marijani alisimama mlangoni ameinua mikono.

"Ndugu zangu, tazameni ndani. Fungueni kila kitu."

Wakafungua. Sheikha akaingia kichwa chini ya viti, akatoka na kiatu ambacho hakikuwa cha mwanawe, akakitupa akapiga ukelele. Mtu akalivuta lile sanduku la barafu, chupa ndogo zikagongana. "Damu iko humo!" sauti ikasema kutoka nyuma, na hakuna aliyeuliza sauti ni ya nani. Mwenyekiti Mkadam alinyanyua mkono aseme, hakuna aliyemtazama. Mwingine akasema yaletwe mafuta ya taa.

Bi Mwanamkuu alikuwa anavuta watu kanga. "Mtoto kaenda hori. Jamani, mtoto yuko hori!" Wakamkung'uta. Nani aende hori wakati mwizi wa mtoto amesimama mbele yao? Alitazama nyuma, juu ya mikoko, kule maji yanakotokea. Mwezi ulikuwa mwandamo. Siku hizo bahari huwa bamvua, maji hukimbilia juu kwa nguvu na hujaa kabisa wakati wa alasiri. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha. Tayari alikuwa akiiona ile rangi ya fedha baina ya mashina.

Akajua kwamba wataondoka kwenye gari lile kwa njia moja tu, na njia hiyo inapita juu ya jina lake. Mficha uchi hazai. Akapanda kwenye bamba la mbele la Landrova, goti likamlia, akashika kioo.

"Niueni mimi!" alipiga kelele. "Mumiani ni mimi!"

Wakanyamaza, kwa mshangao tu.

"Hakuna mumiani. Hajapata kuwapo. Nilitishwa naye nikiwa mdogo nami nikawatishia wanenu, kwa sababu kisima hakina ukuta na mimi sina mbio. Gari jeupe niliwaambia mimi. Sindano niliwaambia mimi. Bwana huyu hakumgusa mtoto. Somoe ananikimbia mimi, yuko hori, na maji yanajaa. Mnataka kuchoma gari, chomeni, lakini mkiwa mnachoma Somoe atakuwa anazama."

Sheikha alimwangalia mama yake. "Mama, unasema nini?"

"Nasema nilikudanganya, Sheikha. Wewe na mwanao."

Panga likaanguka. Kombo hakumtukana mama mkwe wake. Adabu haikumruhusu, na huenda ulimi pia ulikufa. Alimgeuzia uso pembeni, kama ilivyo desturi kwa mkwe, akapita mbio kuelekea pwani, na umati wote ukamfuata, Marijani akiwamo.

Maji yalikuwa yamekwisha kuingia mikokoni. Vijiti walivyochomeka wanawake kuonyesha mashimo ya makumbi vilibaki vichwa tu, kisha havikuonekana. Watu wakatawanyika, wakaingia matopeni hadi magotini, wanaita. "Somoe! Somoe ee!" Sheikha aliita kwa jina lake, akaita kwa jina la utani, akaita "mama yangu", "moyo wangu". Kombo aliita mpaka sauti ikapasuka. Marijani naye aliita. Wote hawakujibiwa na kitu. Mikoko ya pale ni mingi na imesukana, majani yake mazito, mtu akijificha ndani yake waweza kupita ukimgusa. Maji yakafika mapajani. Yakafika viunoni.

Ndipo Bi Mwanamkuu, aliyesimama ukingoni akiegemea shina, akaona badiliko lililomtia baridi. Wanaume hawakuwa tena wakitazama juu matawini. Walianza kutazama chini, ndani ya maji, na mmoja alikuwa akipapasa kwa miguu.

Bado waliita. Alifumba macho ili asiwaone, na kwa kuwa alifumba, akasikia. Alisikia sauti ya mama, inalia. Sauti ya baba, inabembeleza. Sauti za watu wote wa kijiji zinatoka majanini, wenye sauti hawaonekani. Akasikia kama anavyosikia mtoto aliyejikunyata ndani ya mti, na maneno yake mwenyewe yakamrudia neno kwa neno, pamoja na ule mwitikio wa mwisho: tumeelewana, bibi.

Somoe alikuwa anasikia vizuri kabisa. Somoe alikuwa anatii.

"Nyamazeni!" alipiga kelele. "Nyamazeni nyote!"

"Mama!" Sheikha aligeuka, uso umevurugika. "Ninyamaze mwanangu akifa?"

"Kila ukimwita unamfukuza. Nilimwambia asimwitikie asiyemwona. Nyamaza, mwanangu. Nakuomba."

Katika maisha yake Sheikha hakuwahi kusikia neno "nakuomba" kutoka kinywani mwa mama yake. Akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mmoja baada ya mwingine wakanyamaza, na pakabaki mlio wa maji yakipita baina ya mizizi.

Bi Mwanamkuu akaingia majini. Hakwenda kwenye miti. Alikwenda katikati ya hori, mahali pa wazi, ambapo hapana tawi wala jani, na ambapo mkondo una nguvu. Maji yakamfika kifuani. Kuogelea hakujua. Akaivua kanga ya kichwani akaiachia ichukuliwe, yeye ambaye hata mumewe marehemu alimwona kichwa wazi kwa nadra, akabaki na mvi zake mbele ya wanaume, mbele ya mkwe wake. Hakujali, maana uso ndio aliotaka uonekane. Akaanza kugeuka taratibu, upande huu, upande ule, ili kila mti wa hori lile umwone. Hakuita. Kwa mara ya kwanza tangu apewe watoto wale hakuwa na la kusema.

Akangoja. Maji yakapanda. Kila mtu aliangalia majani, na majani hayakutikisika. Bi Mwanamkuu alihofu sana. Alihofu kwamba amechelewa, na kwamba anajionyesha kwa maiti. Akageuka tena. Maji yalimfika shingoni. Akasogeza mguu atafute pa kukanyaga, goti bovu likakataa, mchanga ukatoka chini yake, na akazama.

"Bibi!"

Ilitoka ng'ambo, upande ambao hakuna aliyeutafuta, kwenye ncha ya mkoko mwembamba ulioinamia maji.

"Bibi! Bibi anazama! Jamani bibi yangu anazama, mshikeni!"

Haikuwa sauti ya mtoto aliyenywea. Ilikuwa ile ya zamani, ya kusikika mpaka msikitini. Somoe alikuwa amesimama juu ya tawi lisiloweza kubeba zaidi yake, maji yanamlamba vifundo vya miguu, mkono mmoja umeshika mti na mwingine unaonyesha. "Pale! Si hapo, pale! Kanga yake nyekundu ya kiunoni, pale!"

Marijani alijitupa. Kombo alikwenda upande wa pili, kwa mwanawe, akiogelea kama aliyepagawa. Bi Mwanamkuu alitolewa akitapika maji ya chumvi, ameshikiliwa makwapani na mtu mwenye shati jeupe. Walipolazwa wote wawili juu ya majani makavu, Somoe alimwangalia yule mtu kwa muda mrefu. Hakukimbia. Alishika kidole cha bibi yake.

"Bibi, huyu ndiye?"

"Huyu ni Marijani, Bwana Afya, mtoto wa Bimkubwa wa Kilindoni. Ndiye aliyenitoa."

"Basi mumiani yuko wapi?"

"Hayuko. Nilisema uongo."

Somoe akafikiri. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi kwa baridi. "Na kwamba maji ya hori yanaua?"

"Hayo ni kweli."

"Lakini uliyasema kwa sauti ile ile," Somoe alisema.

Watu waliokuwapo wanasema Bi Mwanamkuu aliuinamisha uso wake akalia, na mimi nasema afadhali alilia, maana jibu halikuwapo.

Jumamosi Landrova ilirudi. Ilisimama mbali, na Saleha aliingia bandani kwa miguu, amevaa kanga juu ya gauni lake. Bi Mwanamkuu alimpakata kila mtoto mwenyewe. Aliwaambia, "Itauma. Itauma kidogo, kisha itaisha, na unaweza kulia." Wakalia sana. Hakuna aliyekimbia. Sheikha alimleta Somoe na wadogo zake mpaka mlangoni, mwenyewe akasimama nje, miguu haitaki kuingia, mpaka Somoe aliporudi akamshika mama yake mkono akamwingiza.

Ila kuchanjwa kulipokwisha, Sheikha aliwakusanya watoto wake. "Sitamwacha tena hapa, mama," alisema. Zamani Bi Mwanamkuu angekuwa na methali ya kumjibu. Alisema tu, "Una haki."

Wiki hiyo hiyo wanaume walikata fito, na uzio ukasimama, na kisima kikapata ukuta na kifuniko. Yote yalichukua siku chache tu, kazi ambayo ilishindikana kwa miaka miwili. Mwenyekiti Mkadam alihutubia juu ya moyo wa kujitegemea, na Bi Mwanamkuu, nguvu zilipomrudia kidogo, alimwuliza mbele ya watu kama moyo huo ulikuwa safarini muda wote ule.

Aliendelea na watoto waliobaki. Maji yalipokupwa aliwapeleka hori, wote, wameshikana mikono. Alichomeka kijiti matopeni, wakakaa juu ukingoni, wakangoja bila hadithi yoyote. Maji yakaja, yakakifika kijiti kiunoni, kisha shingoni, kisha kijiti hakikuonekana. Mtoto mmoja alisema, "Kumbe." Bi Mwanamkuu akaliacha neno hilo lifanye kazi yake.

Sheikha alishikilia msimamo wake mpaka palizi ya pili. Kazi ikamzidi, au hasira ikapungua, siku moja akamleta Somoe akamweka mkekani akaondoka bila kuaga. Mtoto alikula, alicheza, aliuliza mambo. Lakini akiitwa haitiki. Alikuwa akinyamaza na kusikiliza, amekaza shingo, mpaka anayemwita aonekane. Bi Mwanamkuu hakumkaripia. Kila alipomtaka, aliinuka kwa goti lake, akazunguka ukuta wa makuti, akajionyesha, ndipo akasema alilotaka kusema. Alifanya hivyo siku baada ya siku. Wenzake walimwambia unamdekeza. Aliwajibu kwamba deni lake mwenyewe ndilo analolipa, wao wapike vyao.

Ikawa asubuhi moja yuko jikoni, nyuma ya banda, uji umeiva, moshi umemjaa machoni. Bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka yote, aliita.

"Somoe!"

Neno lilikwisha kutoka ndipo akakumbuka. Upande wa pili wa makuti michezo ilikatika. Akaujua ukimya ule, akauchukia, na kujichukia nao. Akaweka mwiko chini, akashika nguzo, akaanza kuinuka.

"Labeka, bibi!"

Sauti ilitoka nyuma ya ukuta, na mwenye sauti haonekani, wala bibi hakuonekana kwake. Bi Mwanamkuu alikaa tena taratibu juu ya kigoda, akaushika mwiko. Goti lilikuwa linamuuma tangu alfajiri, na safari hii hakulazimika kuinuka.